Spika 32 zikipangwa bega kwa bega, sauti itasimama mahali pake?

Swali: Ninashughulikia sauti kwenye ukumbi mdogo wa maigizo na mikutano. Tuna spika mbili kubwa, kulia na kushoto, na watu wa pembeni hulalamika kwamba wanasikia ile iliyo karibu nao tu. Nimepata spika ndogo 32 za aina moja. Nimesoma kwamba zikipangwa karibu karibu kwenye mstari mmoja, sauti ya mwigizaji inaweza kusimama mahali pamoja hata msikilizaji akihama kiti. Nimezipanga kwa nafasi ya sentimita 15, nikazipa zote mkondo uleule wa sauti kutoka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Lakini nikitembea ukumbini, sauti inanifuata. Tatizo ni nini? Na je, ninunue nyingine 32?

Jibu: Unachojaribu kinaitwa usanisi wa uga wa mawimbi, yaani kujenga wimbi zima la sauti kwa spika nyingi. Tatizo liko kwenye mikondo unayozipa spika zako. Mpangilio wenyewe ni mzuri.

Spika 32 zikitoa kitu kilekile kwa wakati uleule, huzaa wimbi lenye uso ulionyooka, sambamba na mstari wa spika. Wimbi la namna hiyo kwa kawaida hutufikia kutoka kwenye chanzo kilicho mbali mno, na sikio hulipa tafsiri hiyohiyo: ukienda kushoto sauti inakwenda kushoto, ukirudi inarudi, kama mwezi unavyomfuata msafiri wa usiku. Mfumo wako umefanya sawasawa ulichouamuru, ila amri yenyewe hukuikusudia.

Ili sauti isimame, uso wa wimbi lazima upinde. Tuseme unataka mwigizaji asikike kama aliyesimama mita 3 nyuma ya mstari wa spika, sawa na spika namba 16. Angekuwepo kweli, sauti yake ingeifikia spika hiyo kwanza, kisha za jirani, na mwisho zile za pembeni kabisa. Spika namba 1 iko mita 2.25 upande wa kushoto wa namba 16, kwa hiyo umbali wake kutoka kwa mwigizaji ni mita 3.75. Kwa mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde, kwenye hewa ya nyuzi 20, spika namba 16 ingefikiwa baada ya milisekunde 8.7 na namba 1 baada ya milisekunde 10.9. Tofauti ni milisekunde 2.2, ambazo kwenye kompyuta inayochukua sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde ni sampuli 105. Icheleweshe spika namba 1 kwa sampuli hizo, na kila spika nyingine kwa kiasi chake, halafu vijiwimbi 32 vitaungana mbele ya mstari na kuwa wimbi moja lililopinda, ambalo kitovu chake ni pale alipotakiwa kuwa mwigizaji. Msikilizaji wa kushoto ataelekeza kidole pale, na wa kulia vilevile. Hicho kitovu kisicho na mtu nitakiita chanzo hewa.

Mbali na ucheleweshaji, nguvu nazo hutofautiana. Spika zilizo mbali na chanzo hewa hupunguzwa, kwa sababu ya umbali na kwa sababu wimbi linazipitia kwa mshazari. Kwa mfano wetu, namba 1 inakuwa takriban desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya sauti) chini ya namba 16. Kwa hiyo kila spika inahitaji chaneli yake, yaani njia yake ya sauti, kuanzia kompyuta hadi amplifaya. Chaneli 32 ndizo zitakazokugharimu, kuliko spika zenyewe.

Wazo hili lina mizizi mirefu. Christiaan Huygens aliandika mwaka 1690, akizungumzia mwanga, kwamba kila nukta kwenye uso wa wimbi inaweza kuhesabiwa kuwa chanzo kipya cha wimbi dogo. Karne ya 19 wanafizikia Kirchhoff na Helmholtz waliligeuza hilo kuwa hesabu kamili: ukijua kinachotokea kwenye mpaka wa eneo fulani, umejua kinachotokea ndani yake. Lakini aliyelileta kwenye spika kwa namna tunayoitumia leo ni A. J. Berkhout wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, kwa makala yake ya mwaka 1988. Nadhani si bahati tu kwamba alikuwa mtu wa jiofizikia. Wanaotafuta mafuta hutandaza vipokezi vingi juu ya ardhi na kusoma humo umbo la mawimbi yanayorudi kutoka chini. Yeye aligeuza mwelekeo, vipokezi vikawa spika. Njia hiyo ndiyo usanisi wa uga wa mawimbi.

Hata hivyo wahandisi wa maabara za Bell, Marekani, walikuwa wamelifikia wazo lilelile miaka zaidi ya 50 kabla. Tarehe 27 Aprili 1933 walipeleka kwa nyaya muziki wa Orkestra ya Philadelphia hadi ukumbi wa Washington, huku Leopold Stokowski akiwa Washington kwenye vidhibiti vya sauti badala ya kuwa mbele ya wapigaji wake. Wazo la msingi lilikuwa pazia la maikrofoni nyingi mno mbele ya orkestra, na pazia la spika nyingi vilevile mbele ya wasikilizaji, kila maikrofoni na spika yake. Jambo hilo halikutekelezeka, wakatumia chaneli tatu. Tangu hapo dunia imezoea chaneli chache, na sterio ya chaneli mbili ikawa ndiyo kawaida.

Malalamiko ya watu wako wa pembeni yanatokana na uchache huo. Weka spika mbili zilizoachana mita 2, na msikilizaji kwenye ncha ya tatu ya pembetatu yenye pande sawa. Mtu aliyerekodiwa katikati atasikika katikati. Msikilizaji akisogea kulia nusu mita tu, spika ya kulia iko mita 1.80 kutoka kwake na ya kushoto mita 2.29, na sauti ya kulia inamfikia milisekunde 1.4 kabla ya mwenzake. Ubongo ukipewa sauti moja mara mbili kwa tofauti ya zaidi ya milisekunde moja hivi, huchukua mwelekeo wa ile iliyotangulia. Tabia hiyo ilielezwa na watafiti Wallach, Newman na Rosenzweig mwaka 1949, na haibadiliki kwa kugeuza vitufe vya mikisa. Kwenye ukumbi ambao spika zimeachana mita 10, wanaopata sterio ya kweli ni watu wa safu nyembamba ya katikati. Wengine wote wanasikiliza spika moja.

Sasa tuje kwenye nafasi kati ya spika, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Hesabu ya Kirchhoff na Helmholtz inataka pazia lisilo na tundu. Pazia lako lina tundu kila baada ya sentimita 15. Mawimbi marefu hayalioni, mafupi yanaliona. Kanuni ya kukadiria mpaka, yaani masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, au hezi) ambayo juu yake pazia huanza kuvuja, ikichukua hali mbaya kuliko zote, ni kugawanya mwendo wa sauti kwa nafasi iliyozidishwa kwa mbili. Kwa sentimita 15 unapata takriban hezi 1,140. Kwa sentimita 10 ni hezi 1,715. Ukitaka kufika hezi 20,000, ukomo wa sikio changa, unahitaji spika kila baada ya milimita 8.6, na hakuna spika ya ukubwa huo itakayokupa sauti ya maana ya chini.

Juu ya mpaka huo vijiwimbi haviungani tena. Kila spika inajisemea yake, na msikilizaji anapata mlolongo wa mapigo yanayofuatana kwa sehemu za milisekunde. Baadhi ya masafa hujengana, mengine hufutana, na mpangilio wa mabonde na vilima hivyo hubadilika kila kichwa kinaposogea.

Ukiishia kwenye fizikia utakata tamaa hapa, maana hezi 1,140 ni kidogo sana. Sikio lina huruma zaidi. Kwa mwelekeo wa kulia na kushoto, silaha yake kubwa ni tofauti ya muda kati ya masikio mawili, ambayo kwa kichwa cha mtu mzima haizidi sana milisekunde 0.7. Sikio husoma tofauti hiyo vizuri zaidi kwenye masafa ya chini ya hezi 1,500 hivi. Watafiti Wightman na Kistler walionyesha mwaka 1992 kwamba sauti pana, yenye masafa ya chini na ya juu pamoja, ikiwa na ishara zinazopingana, tofauti ya muda ya masafa ya chini ndiyo inayoshinda. Kwa maneno ya fundi: upande wa chini ukiwa sahihi, mwelekeo utakuwa sahihi, hata kama huku juu kumevurugika. Ndiyo maana mistari yenye nafasi ya sentimita 15, hata 20, huweka sauti mahali pake kwa usahihi wa kushangaza.

Kinachoumia ni rangi ya sauti. Mwigizaji atasikika pale anapotakiwa, lakini "s" na "sh" zake zinaweza kuwa kali kwenye kiti kimoja na butu kwenye kinachofuata. Kwa usemi, wasikilizaji wengi hawatagundua. Kwa matoazi au makofi, watagundua. Mimi ningekubali bei hiyo bila kusita kwenye ukumbi wa maigizo, na ningesita sana kwenye studio ya kusikilizia muziki.

Wenye fedha wamelisukuma jambo hili mbali. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Berlin kina ukumbi wa mihadhara wenye chaneli 832 na spika zaidi ya 2,700 zilizozungushwa ukutani, uliokamilika mwaka 2007. Ukumbi wa Sphere huko Las Vegas, uliofunguliwa mwaka 2023, una spika takriban 167,000, nyingi zikiwa nyuma ya skrini yake, zilizokusanywa kwenye paneli zinazoongozwa na kompyuta. Idadi hizo zisikutie unyonge. Zinahitajika kwa sababu kumbi ni kubwa na kwa sababu paneli za Sphere zinaelekeza sauti juu na chini pia, si kulia na kushoto tu. Mstari mmoja kama wako hauna neno lolote la kusema kuhusu juu na chini. Masikio ya watu yawe karibu na kimo cha spika, na hilo tu.

Basi tuuchukue mstari wako kama ulivyo. Una urefu wa mita 4.65, na kwa kazi ya usemi ningeuacha na sentimita 15 zake. Uone kama dirisha. Chora mstari kutoka kwenye chanzo hewa kupitia kila ncha ya safu ya spika. Msikilizaji aliye ndani ya mistari hiyo miwili anasikia vizuri, aliye nje anapata mabaki. Chanzo kikiwa mita 3 nyuma ya katikati, kwenye viti vilivyo mita 3 mbele ya spika eneo zuri lina upana wa mita 9.3. Ukikisogeza chanzo nyuma zaidi eneo linapungua, na ukikiweka mita moja tu nyuma ya spika linafunguka sana. Hilo peke yake linaweza kuamua wapi umweke msimulizi na wapi umweke ngurumo ya mbali.

Ncha za mstari zina tatizo lake. Pazia linapokatika ghafla, ncha hutoa wimbi lake la ziada, nalo husikika kama mwangwi mfupi. Dawa ni kupunguza nguvu polepole kwenye spika nne au tano za mwisho kila upande. Utapoteza upana kidogo wa dirisha, na inafaa.

Kuna pia kichujio ambacho wanaojenga kwa mara ya kwanza hukisahau, kisha wanashangaa kwa nini besi imejaa. Mstari wa spika ukiungana vizuri huyapa nguvu zaidi masafa ya chini, kwa hiyo mkondo lazima upitishwe kwenye kichujio kinachopanda desibeli 3 kwa kila oktavo, yaani kila masafa yanapokuwa maradufu. Kipandishe hadi kwenye masafa ya mpaka, kwako hezi 1,140 hivi, halafu kiache kiwe tambarare. Usipokikomesha hapo, sehemu ya juu itakuwa kali isiyovumilika. Pale kinapokoma utapatafuta kwa masikio, maana mpaka wenyewe hubadilika kidogo kwa kila kiti na kila chanzo. Besi ya chini kabisa iachie sabufa moja. Kwa hezi 70 wimbi lina urefu wa karibu mita 5, refu kuliko safu yako yote, na safu haiwezi kulichonga.

Nguvu ya sauti nayo haitapungua kwa umbali kama inavyopungua kwa mtu halisi, kwa sababu unaiga uso mpana kwa mstari mwembamba. Inakuwa sahihi kwenye umbali mmoja uliochaguliwa kwenye hesabu. Chagua safu za katikati ya ukumbi.

Vifaa: unahitaji njia 32 za kutokea zinazofuata saa moja ya kidijitali. Ukitumia vifaa vinne vya chaneli nane nane, viunganishe vifuate saa ya kimoja, vinginevyo vitaachana taratibu na kazi yote itaharibika bila wewe kuona sababu. Sampuli moja ni kama milimita 7 za mwendo wa sauti, kwa hiyo kwa chanzo kilichosimama unaweza kukata ucheleweshaji kwenye sampuli iliyo karibu bila madhara. Kwa chanzo kinachotembea usifanye hivyo. Kila mruko wa sampuli utasikika kama mkwaruzo, kwa hiyo programu lazima ikadirie thamani za katikati. Huna haja ya kuiandika mwenyewe. SoundScape Renderer, iliyozaliwa Berlin, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. WFSCollider ni nyingine. Zote zinataka uzipe mahali ilipo kila spika. Pima kwa futi kamba, usikisie.

Kila chanzo hewa kinataka mkondo wake wa pekee, mkavu, usio na mwangwi: maikrofoni ya mwigizaji, au rekodi ya chaneli moja. Muziki wa sterio ambao tayari umeshachanganywa hauwezi kuugawanya tena ala kwa ala. Unachoweza ni kuunda spika mbili hewa, uziweke mbali sana nyuma, kila moja itoe wimbi lililonyooka kwa pembe yake. Wimbi lililonyooka halibadilishi mwelekeo kwa kuhama kiti, kwa hiyo kila mtu anapata pembe zilezile. Ile tabia ya kukufuata iliyokuudhi inakuwa faida.

Utasoma mahali kwamba chanzo hewa kinaweza kuwekwa hata mbele ya spika, katikati ya watu. Ni kweli. Ucheleweshaji unageuzwa, spika za mbali zinaanza na za karibu zinamalizia, wimbi linajikusanya kwenye nukta na kutawanyika upya. Linavutia kwenye maonyesho. Ila aliye kati ya spika na hiyo nukta anapata wimbi linalokwenda kinyume na anachotarajia, na masafa ya juu ya mpaka yanawafikia watu kabla ya sauti yenyewe, kama mluzi mwembamba unaotangulia neno. Safu ikiwa ndefu zaidi, mluzi huo unazidi. Kwa hotuba na maigizo ningeacha kabisa.

Na umbali? Usitegemee mpindo wa wimbi kumwambia mtu kwamba mzungumzaji yuko mita 3 au mita 8. Masikio hukadiria umbali kwa kiasi cha mwangwi ukilinganishwa na sauti inayokuja moja kwa moja, na kwa ukubwa wa sauti. Ukitaka mtu asikike mbali, ongeza mwangwi na uupeleke kutoka pande kadhaa. Hapo ukumbi wako wenyewe unaingia kwenye mchezo. Hesabu yote hii inachukulia kwamba hakuna kuta. Ukuta mtupu nyuma ya wasikilizaji utarudisha mawimbi yako na kufichua kwamba chanzo halisi ni mstari wa spika. Pazia zito na viti vya kitambaa vitakusaidia kuliko spika za ziada.

Hilo linanifikisha kwenye zile 32 nyingine. Kwanza unganisha hizi kwa chaneli 32, zikae wiki kadhaa na maonyesho ya kweli. Ukigundua kwamba mwelekeo ni mzuri katikati lakini viti vya pembeni vinabaki nje ya dirisha, nunua, na uzitumie kurefusha mstari hadi mita 9.45 kwa nafasi ileile. Kuzichomeka katikati ya zilizopo kutapunguza nafasi hadi sentimita 7.5 na kupandisha mpaka hadi hezi 2,290 hivi. Hapo utanunua rangi ya sauti iliyotulia zaidi kwa watu walewale waliokuwa tayari wanasikia vizuri, na wale wa pembeni wataendelea kulalamika. Ningefanya hivyo tu kama ukumbi ungegeuka kuwa wa muziki.